Tupeane uzoefu: siku za makumbusho na historia huku kwetu Dodoma, ulishiriki ukaona nini?

Mbukwenyi wadau!

Leo naomba tuongelee hili maana nimekaa nalo muda. Huku kanda ya kati ukimtajia mtu makumbusho akili inakimbia Dar, kule Posta au Kijiji cha Makumbusho, au Arusha kwenye Azimio, wakati sisi tumekalia historia yenyewe. Kondoa kuna michoro ya miambani iliyoingia kwenye urithi wa dunia tangu 2006, Kongwa kuna kambi ya wapigania uhuru, Kilimatinde na Mpwapwa Mjerumani alikaa kabla Dodoma haijawa mji wa maana, na bado mtoto anamaliza form four hajafika hata sehemu moja.

Sitaki tuongelee majengo ila. Nataka tuongelee zile siku watu wanapoitwa: siku ya wazi, jioni ya hadithi, shule kuleta watoto, wazee kuleta vitu vyao, ngoma. Mimi najitolea kwenye kituo kidogo cha kumbukumbu kwenye kata yetu na msimamo wangu ni kwamba siku inayonoga ni ile ambayo mwenyeji anaeleza na mgeni anauliza. Ile ya turubai, mgeni rasmi na hotuba tatu, watu wanakula wanaondoka, hakuna alichobaki nacho mtu.

Naanza mie. Tuliwahi kuwa na picha nyingi za zamani hazina majina wala maelezo, tumepewa na familia mbalimbali. Badala ya kuziweka kwenye fremu tukazibandika ukutani kwa chini chini, kila picha chini yake karatasi nyeupe tupu na penseli imefungwa na uzi, alafu tukatangaza msikitini na kanisani kwamba Jumamosi njooni mtusaidie kujua hawa ni akina nani na hapa ni wapi. Kulikuwa na picha ya stesheni. Reli ya kati Wajerumani waliitoa Dar ikapita hapa ikaenda kuishia Kigoma 1914, kwahiyo stesheni ndio iliyoukuza huu mji, lakini ile picha ilikuwa ya miaka ya baadae sana. Akaja mzee mmoja mstaafu wa reli, akasimama kimyaaa mbele yake, kidole kinatembea juu ya picha, hapa ndio mama zetu walikuwa wanapanga kuku na karanga za abiria, hapa kuna mti umekatwa. Mwingine nyuma yake akadakia, hapana, mti ulikuwa upande wa pili, wewe ulikuwa zamu ya usiku huwezi kukumbuka. Wakabishana pale mpaka vijana wakaacha simu wakaja kusikiliza. Jioni karatasi zimejaa miandiko ya watu tofauti, mwingine kafuta cha mwenzie kaandika juu yake. Zile karatasi hatukuzitupa wala kuzichapa upya, tumezihifadhi hivohivo na mabishano yake.

Karibuni, leteni zenu.

Mrangi Original

Asante kwa uzi mkuu. Mimi nimekulia karibu na Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya miambani. Watalii walikuwa wanapita na magari sisi tunawaangalia tu, tukiamini yale ni mambo ya wazungu, mpaka ilipoanza kupangwa siku za wanakijiji kupanda wenyewe pamoja na walimu na watu wa mambo ya kale. Nilipanda na shangazi yangu mtu mzima kabisa. Anafika kwenye mwamba anamwambia muongozaji "hapa bibi yangu alikuwa anakuja kuomba mvua", yule kijana akanyamaza akamwachia aendelee yeye. Na ni kweli Mongomi wa Kolo, mwamba wenye michoro, mpaka leo watu wanaenda kufanya matambiko ya mvua na ya wagonjwa, sio kitu kilichokufa.

Alafu kitu nilichojifunza siku ile na nawaomba mkifika mkifuate: usimwagie maji mchoro eti rangi ionekane vizuri kwenye picha. Watu wamefanya hivyo miaka na miaka na michoro inafifia. Ile myekundu yenye watu warefu wembamba na wanyama kama pofu na twiga ni ya kale mno, ile myeupe ni ya baadae. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili 1951 na kuna alivyoviona yeye vizuri ambavyo leo mpaka ukodoe macho. Shangazi alilielewa hilo haraka kuliko wanafunzi, akawa ndio mkali wa kuwazuia watoto kugusa.

mama wawili, Area C

Mimi nitaongelea watoto. Walipelekwa na shule kwenye siku moja ya utamaduni, wakubwa na wadogo pamoja, na mimi nilienda kama mzazi msindikizaji. Kulikuwa na meza za maelezo marefuuu yamechapwa kwenye karatasi, watoto wanapita tu. Lakini pembeni walimkalisha bibi mmoja na jiwe la kusagia, uwele kwenye ungo, na akasema kila mtoto atasaga mpaka nione unga. Foleni ikawa kule. Mwanangu wa kiume alipiga magoti, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, anasukuma nafaka zinaruka pembeni zote, bibi akamrudisha mikono, akamwonyesha kwamba nguvu haitoki mikononi inatoka mgongoni, unasukuma na mwili mzima unaenda mbele unarudi. Dakika chache jasho linamtoka na unga ni kama wa kijiko. Kisha wakapikiwa ugali wa uwele na mlenda wakala wote, hata yule wangu ambaye nyumbani mlenda hagusi. Usiku ananiuliza mama, bibi yako alikuwa anasaga hivi kila siku? Nikamwambia kila siku, na maji anafata mbali. Hiyo ndio historia niliyotaka aijue.

Dogo wa Hombolo

Hapo kwa jiwe la kusagia nimekumbuka mbali sana. Nafuatilia.

Kongwa Ndo Nyumbani

Wakuu Kongwa tuna mambo mazito mawili na yote yako sehemu moja. Kwanza ule mradi wa karanga wa Mwingereza, ulianza 1947 ukaachwa 1951, matrekta kibao, ardhi yetu ukisubiri kiangazi inakuwa ngumu inavunja majembe na mvua haitoshi, wenyeji walilijua hilo ila hakuna aliyewauliza. Pili, kuanzia 1964 eneo hilo likawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe, Samora Machel mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alipita hapa.

Sasa kuna siku tulikaa na vijana wa pale sekondari, wazee wakaitwa kusimulia. Kila aliyewahi kuandika habari hizi anaandika makamanda na silaha. Bibi mmoja alivyopewa nafasi akaanza kusimulia habari za kisima. Nani alikuwa anachota na nani, wale wanajeshi walikuwa wanajifunza Kiswahili kwa kutaniana na wasichana kisimani, nani alioa, nani aliondoka na ahadi ya kurudi akaacha mtoto. Ukumbi mzima kimya. Akasimama mama wa makamo akasema mimi ni mmoja wa hao watoto, baba yangu alitoka kusini na sijui kaburi lake liko nchi gani. Hakuna aliyekuwa amepanga hilo liwepo kwenye ratiba! Mwalimu aliyekuwa anaongoza alikuwa na busara, alifunga daftari lake la maswali akamletea kiti akae mbele.

Kuanzia siku ile nimeacha kabisa kusema historia ya Kongwa ni ya wanaume wenye bunduki.

Zeze Moyoni

Aisee Kongwa umenitoa machozi.

Mimi ni wa ngoma. Nawashauri wote msiowahi kwenda tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, pale Chamwino muende, vikundi vinatoka vijijini kabisa, sio vya hotelini. Pale ndio utaelewa kwanini marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizunguka dunia na zeze la nyuzi na ilimba ya kupiga kwa vidole gumba, maana utakuta kumbe kila kijiji kina fundi wake. Nilikaa karibu na kina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, ngoma wameibana katikati ya mapaja, wamesimama, mkono unapiga na mwili mzima unatikisika na bado wanaimba, na wanaopiga ni wanawake, wanaume ndio wanaitikia pembeni.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa pembeni ya jukwaa, mzee anachonga zeze na vijana wamemzunguka. Kibuyu amekikata, amekiwamba ngozi, anapaka ulimbo kwenye uta, anampa kijana ajaribu, linatoa mlio wa kukwaruza tu, anapaka tena, anambadilishia mkono. Mpaka jua linazama kijana kapata sauti mbili. Naomba vituo vyetu viwe na hiyo kila mwezi, jukwaa sio lazima, kivuli cha mti na mzee mmoja na nauli yake.

Asiyesahau

Naomba niweke na upande mwingine. Familia yetu ilitoa vitu vya bibi kwa ajili ya maonyesho fulani, kigoda, kibuyu cha maziwa na shanga zake. Tuliambiwa ni vya wiki moja. Maonyesho yakaisha, waliovichukua wakawa hawapokei simu, mpaka leo. Bibi alifariki anaulizia kigoda chake. Kwahiyo mnaponiambia pelekeni vitu vya wazee, mimi nasita, na wenzangu wengi mtaani wanasita kwa sababu hizohizo.

(mwanzisha uzi)

Pole sana ndugu yangu, na hili ndilo linaloua hizi programu kuliko ukosefu wa hela. Sisi tulikubaliana hivi: kitu hakilali kituoni. Mwenyewe anakuja nacho asubuhi, anakaa nacho mezani yeye mwenyewe, anaeleza yeye, jioni anarudi nacho. Picha tunazipiga na simu palepale mezani mbele yake na orijino anaondoka nayo. Kikilazimika kubaki, inaandikwa karatasi ya makabidhiano nakala mbili, jina la mwenye kitu, kiko katika hali gani, kinarudi lini, anasaini mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Na kwenye maelezo jina la mwenye kitu linaandikwa kama atapenda, sio tu "kigoda cha Kigogo".

Mwl wa Historia, Bahi

Naongezea ya kitaalamu kidogo kwa wanaopanga. Msiite wazee kipindi cha kilimo. Mvua zikianza Disemba mpaka mavuno mtu yuko shambani, mtapata wanasiasa tu. Subirini Juni Julai watu wameshavuna, ndio wakati wa ngoma hata zamani. Pia waacheni wazee waongee Cigogo, lugha yao, mtafute mtu wa kutafsiri, maana mzee akilazimishwa Kiswahili anajibu kwa mkato.

Niliwahi kufanya na wanafunzi wangu programu ya njaa. Ugogo njaa zilipewa majina na kubwa kuliko zote ni Mtunya, vita ya kwanza ya dunia majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na chakula na wanaume wa kubeba mizigo, alafu mvua ikagoma, kati ya 1917 na 1920 watu walikufa mno. Hakuna aliye hai aliyeiona ila wapo waliosimuliwa na mama zao. Wanafunzi walirekodi na simu, kwa ruhusa, na kila mmoja akarudi na jambo ambalo halipo kwenye kitabu: ukoo fulani ulihamia wapi, mti gani uliliwa mizizi, nani alipokelewa kwa nani na leo hao ni ndugu. Mtaala hauna mtihani wa hayo lakini nimeona watoto wakorofi kabisa wakikaa chini ya mzee wametulia.

Nyemo

Napingana kidogo na mdau wa ngoma. Sio kila wimbo ni wa kuleta mbele za watu. Nyimbo za jando na unyago zina mahali pake na wenyewe. Nimeona mahali zikiimbwa mbele ya watoto wadogo na wageni wanarekodi, kina mama wazee wakainuka wakaondoka. Waulizwe kwanza lipi la hadharani na lipi la ndani, na wakisema hapana iwe hapana.

Zeze Moyoni

Nyemo uko sahihi kabisa, tena waulizwe kina mama wenyewe na sio kiongozi wa kikundi peke yake.

Mgogo wa Mbagala

Mimi niko Dar ila damu ya huko. Kijiji cha Makumbusho kuna nyumba za makabila na tembe letu la Kigogo lipo. Nilipeleka wanangu tukaingia ndani, kule juu bapa, udongo, giza na ubaridi wakati nje jua kali. Wakashangaa nilivyowaambia kwamba juu yake ndio tulikuwa tunaanika mtama na kulala tukilinda. Nilisimulia mimi maana siku hiyo hapakuwa na mtu wa kueleza, na familia nyingine mbili zikaacha kutembea zikakaa kunisikiliza. Ningependa siku moja walete fundi wa tembe kutoka Dodoma alijenge upya mbele za watu, kuanzia kupanga miti mpaka kutandaza udongo.

Mrangi Original

Swali kwa mwanzisha uzi, wazee mnawalipa?

(mwanzisha uzi)

Tunalipa nauli ya kuja na kurudi na chakula, tena nauli anapewa mkononi akifika, asisubiri mwisho. Fundi kama wa zeze au wa tembe analipwa siku yake kama kibarua chochote maana ameacha kazi. Hela tunachangishana, maduka ya mtaani yanatupa unga na sukari. Wazo la tembe nimelichukua, mafundi wawili wa upande wa Mvumi nawafahamu, nitaongea nao baada ya mavuno, mwenye miti au anayejua tutapata wapi ya bei nzuri anitumie ujumbe.