Giaboksi ya Note inateleza: nibadili oili, niifungue, au nichukue mtumba?

KivukoNaKurudi:
Asalaam aleikum. Nina Nissan Note E11 (toleo la kwanza la Note) ya 2010, CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Jumanne jioni nikitoka kwenye feri upande wa Likoni, hapa Mombasa, gari lilinitia aibu. Pale panapopanda nimekanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini umefika 4000, gari lenyewe linajikokota. Mkokoteni wa maji ulinipita, wallahi, na mwenyewe akaniangalia kwa huruma. Tulipofika tambarare likawa sawa. Asubuhi likiwa baridi halina neno. Shida huanza nikishakaa foleni.

Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza anasema badilisha oili tu. Wa pili anataka kuishusha na kuifungua, elfu tisini kwenda juu. Wa tatu ana giaboksi ya mtumba kutoka Japani, elfu sitini na tano pamoja na kufunga, garantii wiki mbili. Mfuko wangu una njia moja tu. Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi?

MamaProbox:
Pole kaka. Mimi ningechukua mtumba. Nilifanya hivyo kwa gari langu la kwanza na lilinipeleka Mtwapa na kunirudisha mpaka nilipoliuza. Kufungua CVT ni bahati nasibu, ile kitu haitaki hata chembe ya vumbi, na wewe unajua gereji zetu zilivyo, mbuzi wanapita katikati ya spea. Lakini wiki mbili kataa. Sukuma ifike mwezi, iandikwe kwenye risiti.

FundiJomvu:
Kwa heshima, Mama Probox, umekimbilia kuzika kabla ya kupima mgonjwa. Baridi iko salama, moto inateleza, ikipewa mlima inashindwa: hiyo kwanza ni presha ya oili. CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili na mkanda wa chuma, na presha ya oili ndiyo inayobana puli zishike mkanda. Oili ikipungua, ikichoka, filta ikiziba, solenoidi (valvu ya umeme inayoongoza presha) ikilegea, au mtu akitia oili isiyo yake, mkanda unateleza. Ukiteleza sana unachora puli, na hapo hata utie oili ya dhahabu.

Kwa hivyo pima kwa mashine inayosoma kompyuta ya giaboksi, si ya injini peke yake. Ukiona kodi ya hitilafu P0868, presha inashuka. Kisha shusha sampu, lile beseni la oili chini ya giaboksi, uangalie sumaku zinazonasa chuma ndani yake. Zikiwa na tope jeusi laini kama masizi yaliyolowa, huo ni uchakavu wa kawaida. Chukua tope hilo usugue kwa vidole viwili. Likikwaruza, likiwa na vipande vinavyong'aa, mkanda na puli vinalana. Usitupe hela kwenye oili.

Na E11 inakunywa oili ya CVT ya Nissan iitwayo NS-2. NS-3 ni ya E12, Note iliyofuata. Dexron, oili ya otomatiki za kawaida, isikaribie hapo kabisa.

YakheKongowea:
Yakhe, toa hiyo kitu uweke manyuali. Klachi ikifa unabadilisha sahani na beringi, unaendelea na maisha.

MamaProbox:
Na pedali, na nyaya, na kompyuta, nazo atalipia nani? Kwa hesabu hiyo anunue Probox.

BabaWatatu:
Fundi, je, kuflashi kwa mashine? Kuna mahali hapa Bamburi wanasema inasafisha yote kwa mara moja.

FundiJomvu:
Giaboksi iliyokaa miaka na oili ileile siipeleki huko. Uchafu uliolala unaamka wote pamoja na kwenda kukwama kwenye valvu. Mwaga, tia, endesha siku chache, rudia. Kila ukimwaga inatoka nusu hivi, nyingine inabaki ndani ya konvata na njia zake. Ni polepole lakini sijajuta.

MajiYaKisima:
Mwenye mada, fungua pia redieta uangalie. Oili ya giaboksi nyingi hupozwa na maji ya injini. Mimi nilikuwa najaza maji ya kisima ya hapa Kisauni, ya chumvi, kwa miaka mitatu badala ya kuulanti. Yakala ndani mpaka maji na oili vikakutana. Giaboksi ilipofunguliwa ilitoka kitu rangi ya chai ya maziwa. Sikuwa na la kuchagua tena, ilikuwa mtumba moja kwa moja.

KivukoNaKurudi:
Nimerudi. Redieta safi, alhamdulillahi. Kodi ni hiyohiyo P0868. Sampu imeshuka leo mbele yangu na oili iliyotoka ni NYEKUNDU kama sharubati ya ukwaju iliyotiwa rangi. Tope la sumaku ni laini, ila kuna vipande viwili kama punje ya simsim.

FundiJomvu:
NS-2 ni ya kijani. Hiyo nyekundu ni ATF, ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Nani alikutilia?

KivukoNaKurudi:
Sevisi ya mwaka jana, gereji moja nisiyoitaja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nanywa kahawa.

FundiJomvu:
Basi hata na hizo simsim mbili, jaribu oili sahihi kwanza: bei ya NS-2 na filta haikuumizi ukilinganisha na hizo elfu. Tia, baada ya wiki mbili shusha sampu tena. Simsim zikirudi, chukua mtumba, namba ya giaboksi ifanane na yako, na fundi awe na mashine ya kuingiza data zake, maana CVT nyingi za Nissan haziingiliani hivihivi. Kwa sasa foleni ya feri iache, pita barabara ya Dongo Kundu isiyopitia feri.

KivukoNaKurudi:
Nimetia Jumamosi. Leo nimejaribu palepale Likoni (samahani fundi, nilitaka kujua), limepanda kwa 2500. Mwenye mtumba nimemwomba aniwekee wiki mbili. Anataka amana ya elfu kumi.

MamaProbox:
Usitoe.