Mjadala: Yule mzee wa Strictly alikosea kujitoa?

MLETA MADA:

Wakuu, kuna msimu mmoja wa Strictly Come Dancing, yale mashindano ya dansi ya BBC, ambao tuliokuwa Uingereza wakati ule tukikutana watatu lazima tugombane. Ni ule wa 2008. Nauweka mezani.

Kwa asiyefuatilia: mtu maarufu anapangwa na mchezaji wa kulipwa, Jumamosi wanacheza, majaji wanne wanatoa alama hadi 40, halafu, miaka ile, watazamaji walikuwa wanapiga simu za kulipia. Mwaka ule aliingia John Sergeant, mwandishi wa habari za siasa, miaka 64, akapewa Kristina Rihanoff. Mzee hajui kucheza. Kwenye paso doble, ambapo mwanamume hujifanya mpigana na fahali, yeye alimshika dada wa watu akamburuta sakafuni kama gunia la mkaa lililoziba njia. Majaji wakampa alama za mkiani, watu wakapiga simu, akabaki. Wiki ya pili hivyo hivyo. Waliomzidi kwa mbali wanafungasha, yeye yupo.

Jumatano, Novemba 19, akajitoa mwenyewe. Alisema anaona hatari ya kweli ya kushinda, na huo sasa utakuwa utani uliopita kiasi.

Mimi nasema alikosea. Nilikuwa nimepanga Leicester kwa mama mmoja wa Kimombasa. Jumamosi jioni anaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, simu ya mezani mapajani, na hakuna wa kumsemesha. Siku moja nikamwuliza kwa nini anampigia asiyejua. Akanijibu: "Wale wengine wana miguu. Huyu ana mimi." Ile Jumatano habari ilipotangazwa alinyamaza, akaenda kupika. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Kama hamtaki kura ya mama yule, msimuuzie.

MDAU WA KWANZA:

Mkuu, heshima yako, lakini hapo umepotoka. Mimi nimefundisha dansi. Waltz ukienda mbele kisigino ndicho kinachotangulia, mabega yametulia, mkono wa mwenzio haubebi uzito wako. Mtu anajinyima miezi mitatu apate hivyo, kisha anatolewa ili mzee aendelee kuchekesha? Basi wayaite mashindano ya vichekesho. Katika msimu mzima Sergeant ndiye pekee aliyeona aibu, namheshimu kwa hilo.

Na tazameni Marekani, Dancing with the Stars ya 2018. Bobby Bones, mtangazaji wa redio, alikuwa dhaifu kuliko wote waliofika fainali na akabeba kombe. Msimu uliofuata majaji wakapewa rungu la kuamua nani anabaki kati ya wawili wa mwisho. Kwa nini, kama kura ilikuwa sawa?

MDAU WA PILI:

Hilo rungu Waingereza walikuwa nalo tangu 2007! Wawili wa mwisho wanacheza tena, majaji wanachagua. Sergeant hakuwahi kuangukia hapo hata mara moja, na majaji walimweka chini mara nyingi. Pateni picha kura zilivyokuwa. Mwaka 2010 wakaiondoa ngazi hiyo, na Ann Widdecombe, mbunge wa zamani aliyekuwa akisombwa na Anton du Beke kama kabati linalohamishwa nyumba, akafika wiki ya kumi. 2012 wakairudisha. Wenyewe hawajui wanataka nini.

Halafu sisi watu wa pwani tushangae nini? Wazee wetu walishindana kwa ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti, na sijasikia hata mmoja akisimulia habari za jaji mwenye kibao cha namba.

MLETA MADA:

Mwalimu, kisigino nimekubali. Ila jibu na hili, maana ndilo linaloniuma kuliko hata Sergeant.

Nusu fainali, Desemba 13, mwaka ule ule. Wamebaki watatu: Rachel Stevens, Lisa Snowdon na Tom Chambers. Nafasi ya mtu kwa majaji iligeuzwa pointi, na nafasi yake kwenye simu vivyo hivyo, kisha zikajumlishwa. Rachel na Lisa wakafungana kileleni kwa majaji, kila mmoja akapata pointi 3, Tom akapata 1. Sasa Tom akiongoza kura za simu anapata 3, jumla 4. Wale wawili wanagawana 2 na 1, kwa hiyo mmoja ana 5 na mwingine 4. Wenye 4 ni wawili, nao ndio wa mwisho. Yaani hata Uingereza nzima impigie Tom, lazima aende kwenye rungu la majaji. Mama alikuwa amehamia kwa Tom. Nilimchorea hesabu hiyo nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. Aliitazama kwa muda, akauliza: "Sasa simu zangu mimi zimekwenda wapi?"

BBC nao walijiuliza hilo hilo, kwa sababu Julai ya mwaka huo Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, iliwatoza faini ya pauni 400,000 kwa udanganyifu wa mashindano ya simu. Hawakuthubutu kuzitupa kura. Wakawapeleka wote watatu fainali, kura zikahamishiwa huko, na Desemba 20 Tom akawa bingwa. Wa mwisho wa majaji wiki moja kabla!

Mwalimu, huyo naye angejitoa?

MDAU WA KWANZA:

Tom alikuwa anajua kucheza, usimchanganye na Sergeant. Ile dansi yake ya mwisho na Camilla Dallerup itafute uiangalie miguu, si uso.

MLETA MADA:

Nimeiangalia. Mama aliiangalia akiwa amesimama, beseni limemwagika, zulia limelowa.