Mnada wa korosho kwenye kompyuta sawa, ila mkutano wa wakulima usifutwe

Wadau wa kusini salama? Naleta hii hoja maana tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ihamie kwenye mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa, kila kijiwe ninachokaa Newala na Tandahimba watu wamegawanyika. Wapo wanaotaka turudi kwenye sanduku la zabuni. Na wapo, wengi wao vijana, wanaosema kama kila kitu kiko kwenye kompyuta basi mikutano ya wakulima kukubali au kukataa bei ni ya nini, mkulima akae shambani kwake atumiwe meseji ya bei, hela iingie benki, kwisha habari. Mi hao wa kwanza nawaelewa japo siko nao. Hawa wa pili ndo wananitia hofu.

Sanduku wote tunalijua, mnunuzi anaandika bei anafunga bahasha anatumbukiza, siku ya mnada linafunguliwa mbele ya watu na barua zinasomwa moja moja. Uzuri wake ulikuwa unasikia bei kwa masikio yako. Ubaya wake wanunuzi wenyewe ni wachache, wanajuana, wamefikia gesti zilezile mjini, sasa hao wakitaka kukubaliana bei usiku nani atawazuia? Leo kampuni inayopeleka mzigo India au Vietnam, ambako ndiko korosho ghafi yetu nyingi inaishia, inaweka bei yake ikiwa Dar bila kukanyaga Mtwara. Kwahiyo kompyuta ibaki, hapo sina ubishi, na anayetaka turudi nyuma akumbuke kwamba kabla ya stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani ziuzwe kwa pamoja, kuanza huku kwetu 2007 wengi waliuza peke yao mlangoni kwao, na kangomba, hao walanguzi wa bei ya kutupa, mpaka leo wanapita vijijini kabla msimu haujafunguliwa wakimvizia mwenye njaa.

Sasa huu mkutano. Mnada mmoja niliokaa msimu uliopita ulikuwa siku ya Ijumaa, kiwanja cha ghala, projekta inamulika ukutani, maandishi madogo aliyekaa nyuma haoni kitu. Sheikh akaomba dua, mwinjilisti akasali, mwenyekiti akafungua. Mtandao ukakwama weee, bei zinakuja kutokea adhana nayo ndo inaita, wanaume karibu wote wakanyanyuka kwenda kuswali. Viongozi wakataka waliobaki wapitishe bei ili wanunuzi wasisubirishwe. Akasimama mama mmoja kajifunga kanga kiunoni akasema hapa hapapitishwi kitu mpaka wenzetu warudi, korosho ni za wote. Na ikawa hivyo, watu wakasubiri. Waliporudi mzee mmoja akauliza swali moja tu, hiyo bei mnayotuonyesha ni kabla ya makato au baada? Kimya. Maana ukutani makato hayapo! Karani ikabidi achukue chaki aandike ubaoni ushuru wa halmashauri, wa chama cha msingi, wa chama kikuu, gharama za ghala, akatoa moja baada ya nyingine mpaka watu wakaona kinachobaki mfukoni kwa kilo. Ndipo wakapitisha.

Hebu niambieni meseji ungeiulizaje hilo swali. Meseji inakwambia bei yako ni shilingi kadhaa, unaisoma uko mwenyewe chini ya mkorosho, ukikataa unakataa na nani?

Na kukataa kwetu si maneno. Oktoba 2018 wakulima wa huku walikaa kwenye mikutano wakaona bei imeporomoka wakati msimu wa nyuma yake ilikuwa imepita 4,000 kwa kilo, wakasema hatuuzi. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa 3,300 na jeshi likaja kubeba. Yaliyofuata baada ya hapo, malipo kuchelewa na uhakiki usioisha, kila mtu ana yake ya kusema na siyatetei, ila sauti ilisikika kwa sababu watu walikuwa wamekaa pamoja wanatazamana usoni.

Halafu kuna hili la mtandao wenyewe. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu nchi nzima ikahangaika, na wiki hiyohiyo sisi tulikuwa bado hatujapumua na kimbunga Hidaya kilichokata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga. Ingekuwa ni Oktoba au Novemba je, maghala yamejaa na watoto wanasubiri ada?

Najua mtaniambia mkutano una gharama, mtu anatoka kijiji cha mbali analipa boda kwenda na kurudi na siku ya kuokota inapotea. Kweli kabisa. Basi kila chama cha msingi kitume wajumbe wake waliochaguliwa na wanachama, wanawake wakiwemo, na karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni kwa chama jioni hiyohiyo, bei za wanunuzi wote siyo ya mshindi tu, na makato yake chini. Mfumo unaoweza kuonyesha bei unaweza kuonyesha na makato, hapo hamna uchawi. Na saa ya mnada wa Ijumaa ipangwe asubuhi au baada ya swala, kwa watu wa mwambao hilo halikupaswa hata kuombwa.

Wenzetu wa Lindi, nyie wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ambao ufuta na mbaazi zenu nazo zimepita humohumo kwenye TMX, kwenu bei inapitishwaje? Mnakaa kikao au mnaletewa matokeo tu? Na je makato mnayaona kabla hamjasema ndiyo?