Piloti aambiwe mugonjwa ni nani, ama asiambiwe?

Bandugu wa Goma, kwetu nyumbani tunabishana bila kumaliza juu ya ile helikopta ya Kilimanjaro yenye ilianguka tarehe 24/12/2025 ikiwa kwa kazi ya kushusha wagonjwa, kati ya kambi ya Barafu na kilele cha Kibo, zaidi ya mita 4000 juu, kwenye hewa ni nyepesi na mapanga ya helikopta hayashiki vizuri. Watu watano wote wakafa, dokteri na piloti ndani. Wengi wanasema kazi ya kuokoa ni vile, mutu akiwa anakufa unaenda tu. Mimi nakataa.

Italia, tarehe 24/1/2017, helikopta ya wagonjwa ilianguka karibu na Campo Felice, ukungu mwingi, watu 6 wakafa pamoja na mugonjwa mwenyewe. Huyo mugonjwa alikuwa amevunjika mguu kwenye theluji. Mguu! Mguu unaweza kungoja.

Na mimi naongea kitu nilikiona. Shemeji yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa kule Masisi, tukamubeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubeba mugonjwa kwa mabega, mpaka barabarani, tukafika Sake usiku na mvua inanyesha. Motari wa kwanza, mwenye kubeba watu kwa moto, yaani pikipiki, aliangalia barabara, akatikisa kichwa, akasema siendi, mungoje kukuche. Nilimutukana vibaya sana. Wa pili nikamwambia dada anakufa, akapata huruma, tukamuweka shemeji katikati tukamufunga na kikwembe, kila jiwe la volkano likituruka ananiuma bega. Hatukufika mbali, moto iliteleza kwenye kona. Mutoto alizaliwa muzima, Mungu asifiwe, lakini shemeji mpaka leo hakunji ule mukono wa kushoto. Ni mimi nilimujaza motari maneno ya kufa, njo maana aliacha kuangalia barabara.

Kule Marekani wenye helikopta za wagonjwa wengi wanafundishwa hivi: piloti haambiwi kama ni mutoto ama muzee, kama anatoka damu ama hapana, anaulizwa hali ya hewa tu, anajibu ndiyo ama hapana. Na ndani ya helikopta mumoja akisema hapana, basi, hakuna kwenda, na hakuna mukubwa wa kumuuliza sababu. Hii ndiyo nataka kwa ndege zote zinabeba wagonjwa, hata kwetu.

Kuna mwenye ameniambia, akiwa mama yako je? Akiwa mama yangu nitalia, nitamupigia piloti magoti, na ndio sababu sitaki mimi niwe mwenye kuongea naye.

Lakini pia tusidanganyane, uwanja wetu wa ndege ulifungwa Januari 2025, mutu wa Masisi helikopta haimuhusu, yeye ana kipoyi na moto. Kwa hiyo nawauliza mamotari hasa: ule usiku wa mvua, mutu akikulilia, unapata wapi nguvu ya kusema siendi? Na ule wa Sake, kama anasoma hapa, anisamehe.