Tupeane uzoefu: uwanja wa gofu kwenye ardhi korofi, kwa miguu

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Naanza mimi mwenyewe. Kwa misimu miwili nilikuwa kedi kwenye uwanja wa mashimo 9 ulio pwani, kaskazini ya mji, nikibeba mfuko wa fimbo nyuma ya wageni. Mgeni aliyepanda kigari aliuona mpira wake tu. Aliyetembea, kabla hajafika shimo la tatu, alikuwa ameshaniuliza kusi inavuma kutoka wapi na kwa nini mpira uliotoka nje ya majani hugonga jiwe ukapotea. Leteni na yenu.

Mkaazi wa Mkunazini
Maalim, mimi nilisoma Uskochi, na mwenyeji wangu mmoja alinichukua hadi Askernish, katika kisiwa cha South Uist, ambako tulifika kwa feri. Uwanja huo aliuchora Old Tom Morris, Mskochi bingwa wa gofu wa zamani, mwaka 1891 akiifuata ardhi ilivyolala, kisha sehemu yake ya vilimani ikaachwa miaka mingi, hadi ulipofunguliwa upya mwaka 2008. Mashimo sita ya mwanzo yako kwenye tambarare ya majani, nami nikadhani ndiyo yote. Kuanzia la saba tuliingia kwenye vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, pakawa hapana bendera ya kuonyesha shimo ninayoiona, wala mwenzangu simuoni, ila mvumo wa bahari upande mmoja, na upepo uliokuwa mgongoni ukawa sasa unatupiga usoni. Hapo nilielewa kwamba nguvu za mkono si kitu. Anayecheza vizuri ni yule aliyeisoma ardhi kwa nyayo zake tangu alipoianza njia. Wakati wa baridi, ng'ombe na kondoo hulishwa hapo hapo uwanjani.

Mzaliwa wa Makunduchi
Sisi wa maweni tunatembea hivyo kila siku bila kulipa kiingilio! Tofauti ni kwamba kwetu jicho haliachi ardhi, maana jiwe la matumbawe hukata kama wembe, wala hapana mchanga wa kumpokea aliyejikwaa.

Mwanzisha mada
Bwana wa Mkunazini, mpira ukipotea vilimani mliutafuta kwa muda gani?

Mkaazi wa Mkunazini
Kanuni ni dakika tatu tangu mwaka 2019. Zamani zilikuwa tano. Mwenyeji wangu, mtu mzima, alizitumia zile tano zake za zamani, akaupata mpira wa mtu mwengine.