Amezima friji kwanza ndipo akapima umeme, kisha akatangaza mbele ya wageni wangu kwamba kompresa imekufa!

Wakuu, ninaandika nikiwa bado ninatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirudia jambo lile lile, kwa sababu haliondoki kichwani. Fundi wa friji za magari ya safari hapa Arusha, yule ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna dereva wa watalii asiyemjua, leo asubuhi amezima friji ya Land Cruiser yangu kwa mkono wake mwenyewe, akaweka pini za multimita, akaona volti 12.4, kisha akawageukia wageni wangu na kutangaza kwamba umeme upo wa kutosha na kompresa imekufa. Amezima kwanza, ndipo akapima! Mmoja wa wageni wale alikuwa amehifadhi insulini yake ndani ya friji hiyo, na uso wake ulivyobadilika sitausahau.

Dalili nilikuwa nimemweleza kabla hajagusa kitu. Gari likitembea, friji inagandisha bila tatizo lolote, kwa sababu alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, inapeleka volti 13.8 hadi 14.4 na hata waya mbovu unamudu. Ukizima injini, kompresa inanguruma kidogo, inakata, inakaa kimya, inajaribu tena, inakata tena. Pembeni mwa kompresa kuna kitaa chekundu kinachomulika mara moja, kinatulia sekunde chache, kisha kinamulika tena mara moja. Anayefanya kazi na kompresa za Secop, ambazo wakongwe bado wanaziita Danfoss, anajua kwamba mmuliko mmoja ni malalamiko ya volti, miwili ni feni inayovuta umeme kupita kiasi, mitatu ni mota iliyoshindwa kuanza, minne ni mota inayozunguka taratibu kupita kiasi, na mitano ni kidhibiti, yaani kisanduku cha elektroniki kinachoiendesha kompresa, kilichopata joto. Kitaa kile kilikuwa kinapiga kelele ya volti mbele ya macho yake. Nilipomwonyesha aliniambia kwamba hiyo ni taa ya urembo, na kwamba kazi yangu ni kushika usukani.

Taa ya urembo! Mtu amekula fedha za madereva wa Kaskazini yote, na hajui kwamba kifaa chenyewe kinamwambia ugonjwa wake.

Naomba nieleze kwa nini kupima friji ikiwa imezimwa ni sawa na kutopima kabisa. Kidhibiti cha kompresa hizi, kwa mpangilio wake wa kawaida wa volti 12, kinakata umeme ukishuka hadi volti 10.4 ili kuilinda betri, na hakiruhusu kuwaka tena mpaka zifike 11.7. Friji isipovuta umeme, hata waya uliooza utakuonyesha volti zote za betri, kwa kuwa hakuna mkondo unaopita wa kusababisha upotevu. Ikianza kuvuta ampea tano au sita, kila kiungo kilicholegea na kila sentimita ya waya mwembamba inakula sehemu yake, volti zinaporomoka, kidhibiti kinakata, mzigo unaondoka, volti zinapanda, nayo friji inadanganyika na kujaribu tena. Ndiyo maana inawaka na kuzima usiku kucha. Kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa kwenye terminali za friji yenyewe wakati kompresa inanguruma. Yeye alizima.

Mchana nimeazima multimita na kufanya kazi ambayo yeye alitaka kulipwa. Injini ikiwa imezimwa na kompresa ikiwa inazunguka, betri ilisoma 12.3, na kwenye friji zikafika 10.3. Volti mbili zimepotelea njiani! Nikaweka pini moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya friji, nikaona 0.8. Nikafanya vivyo hivyo upande wa hasi, nikaona 1.2, mahali ambapo palitakiwa kuwa karibu na sifuri. Nikafuata waya wa hasi hadi nyuma ya kiti cha mwisho, na hapo ndipo nilipotaka kulia: umefungwa kwenye bodi ya gari kwa skrubu ya bati, juu ya rangi, bila kukwanguliwa, na kati ya skrubu na rangi kuna vumbi la Ngorongoro lililochanganyika na kutu. Upande wa chanya umepita waya wa milimita 1.5 za mraba kutoka kwenye boneti hadi nyuma, urefu wa mita sita, wakati mtengenezaji wa kompresa anataka milimita 6 za mraba kwa urefu huo, na fyuzi ya ampea 15. Waya huo na skrubu hiyo vimefungwa na nani? Na fundi huyo huyo, gari lilipotoka kurefushwa.

Kwa fedha alizoitaja kwa ajili ya kompresa mpya ningeweza kurudisha theluji yote iliyoyeyuka Kibo. Na kompresa haikuwa na kosa lolote. Nimekwangua rangi, nimefunga hasi moja kwa moja kwenye betri, nimebadilisha waya, na sasa hivi friji inanguruma injini ikiwa imezimwa. Lakini wageni wangu wameondoka na gari la kampuni nyingine, wakiamini kwamba mimi ni dereva ninayetembeza friji iliyokufa, kwa sababu mtu amezima kwanza ndipo akapima.

Babu wa Seronera: Pole sana mkuu. Huyo huyo aliwahi kunibadilishia betri ya pili akidai imechoka, kumbe relei, ile swichi ya umeme inayounganisha betri mbili, ilikuwa haifungi, kwa hiyo betri hiyo ilikuwa haipati chaji hata kidogo. Alipima betri gari likiwa limezimwa. Angepima injini ikiwa inaunguruma angeona 12.1 badala ya 14, na jibu lingekuwa mbele yake.

Mtoto wa Ngarenaro: Mkuu, kama unajua mimuliko yote mitano na ukubwa wa waya kwa milimita, ulimpelekea gari la nini? Ulitaka akuthibitishie elimu yako? Halafu umeandika "amezima" mara nyingi kuliko friji yenyewe ilivyozima.

Koili na Kapasita: Mimi ni fundi, na ninaomba nasi tusikilizwe. Ninyi madereva mnatuletea friji, lakini hamsemi kwamba kwenye waya huo huo mmepachika inveta ya wati 300, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ya kuchajia kamera za wageni. Inveta hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta ampea 25 na zaidi, na hakuna waya wa friji utakaostahimili. Wiki hii nimeletewa gari lenye friji, inveta na redio ya mawasiliano vyote kwenye tundu la kuwashia sigara, na mwenye gari ananifokea mimi.

Mwenye mada: Gari langu halina inveta kwenye waya wa friji. Naomba turudi kwenye hoja: alizima kwanza.

Mswahili wa Texas: Huku Marekani ninaishi kwenye gari la kulala, na friji yangu ni ile ya gesi na umeme isiyo na kompresa. Watu hudhani ikiwa kwenye gesi haihitaji betri, kumbe bodi yake ya elektroniki lazima ipate volti 12 ili ifungue vali na kuwasha moto. Lakini hasira yangu mimi ni kwa mwenye kambi ninapoegesha. Umeme wa hapa ni volti 120, na mchana wa kiangazi kila gari likiwasha kiyoyozi zinashuka hadi 105. Koili ya kupashia joto inapoteza nguvu kwa mraba wa volti, maana yake friji yangu inabaki na robo tatu tu ya nguvu zake kwenye joto kali. Nikilalamika, anakuja kupima usiku wa manane watu wamezima viyoyozi, anasoma 119, anaondoka.

Babu wa Seronera: Naye kumbe anapima mzigo ukiwa umeondoka! Ukoo mmoja na wa Arusha.

Mama Nyanya wa Tengeru: Afadhali ninyi wa volti 12. Sisi nyumbani tunatakiwa kupata 230, lakini jirani yangu amefungua karakana ya kuchomelea mageti, na kila akigusisha fimbo taa zinafifia na friji yangu ya maziwa inagugumia bila kuwaka. Kompresa ya kwanza imeungua hivyo. Nimenunua friji gadi, kile kifaa kinachokata umeme usipokuwa sawa, sasa inakata kila baada ya dakika chache na maziwa yanaganda kwa uchachu.

Koili na Kapasita: Mama, kwanza uliza kama wewe na jirani mko kwenye fezi moja, yaani waya mmoja wa moto wa nguzo. Nguzo ya mtaa ikiwa na fezi tatu, mnaweza kuomba mmoja wenu ahamishiwe nyingine.

Mwenye mada: Wakuu, friji yangu.

Mtoto wa Ngarenaro: Mama, huyo jirani anaanza kuchomelea saa ngapi? Wa kwetu anaanza saa kumi na moja alfajiri.

Mama Nyanya wa Tengeru: Saa kumi na mbili, na Jumapili anaanza mapema zaidi.