Nataka kununua boti ya kupeleka watalii kuangalia pomboo Kizimkazi, Zanzibar. Ndege zikizuiwa tena itakuwaje?

mwana_wa_ukae: Asalaam aleikum wakubwa. Jamaa wa Mkunguni, hapa hapa Kizimkazi, anauza boti na mashine yake ya nguvu farasi 40. Nina nusu ya pesa, nusu nikope. Mama hataki kusikia, ananikumbusha 2020, mwaka wa korona. Nyinyi mliokuwemo, ilikuwaje hasa?

nahodha_mstaafu: Waaleikum salaam mdogo wangu. Nilikuwa na boti mbili. Watu husema tuliuliwa na kufungwa kwa anga yetu. Siyo. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili, masika yenyewe, wakati ambao kila mwaka boti tunazipandisha juu tuzitie kalafati, yaani tuzibe nyufa za mbao. Tarehe 18 Mei anga ikafunguliwa. Nikapaka rangi, nikajaza petroli, nikakaa. Juni hakuna mtu. Kwetu mlango wazi, lakini Muingereza akirudi kwao ajifungie siku 14, nani atakuja kuangalia pomboo? Agosti mosi Kenya nao wakafungua, Tanzania hatumo kwenye orodha yao ya nchi zinazoruhusiwa kuingia, nasi tukazuia ndege zao hadi katikati ya Septemba. Wale wageni wa mbuga ya Maasai Mara ya Kenya kwanza, bahari yetu baadaye, wakakatikia hapo. Mwaka 2019 Zanzibar ilipata wageni zaidi ya 538,000. 2020 hawakufika hata nusu ya hao.

Novemba nikauza boti moja kwa bei ya kutupa. Msimu huohuo ndege za kukodi zikamwaga Warusi! Mpaka leo mke wangu ananitania.

dada_wa_diani: Sisi huku Diani, pwani ya Kenya kusini mwa Mombasa, hata ugonjwa haukuhitajika. Mei 2014 Uingereza iliwatahadharisha watu wake kuhusu Mombasa. Tahadhari iliishia Tiwi, Diani hatukuwemo, ila ndege zao hutua Mombasa. Wageni wakarudishwa kwao kabla ya siku zao kwisha, safari za kukodi zikafutwa hadi mwisho wa Oktoba. Nilikuwa nafua mashuka hotelini. Mashuka yalipokwisha tukaambiwa tukapumzike nyumbani, bila mshahara.

mwana_wa_ukae: Pole dada. Kwa hiyo niache?

nahodha_mstaafu: Sijasema uache. Nimesema usikope. Benki haijui masika wala karantini, tarehe yake ikifika imefika. Mwambie jamaa akupokee nusu, nyingine umlipe baada ya msimu. Na kaitazame ile boti: viti vyake vinang'oka? Vikiwa vya kung'oka, wageni wasipokuja unatia nyavu unakwenda kuvua. Yangu iliyobaki ilituweka hivyo hivyo.

mwana_wa_ukae: Viwili vya mbele vimepigiliwa misumari.

nahodha_mstaafu: Basi mwambie akupunguzie bei, misumari nitakuja kuing'oa mwenyewe.